Mawakala wa Utambulisho Ndani ya Kontena: Uchambuzi kwa Mfano wa Nchi ya Chai

Wakala wa utambulisho ni programu inayomwezesha mtu au taasisi kutoa, kupokea, kutunza na kuonyesha vyeti vya kidijitali bila kutegemea hifadhidata moja kuu. Kila upande una wakala wake: anayetoa cheti, anayekimiliki na anayetaka kukihakiki. Mawakala hutumiana ujumbe uliofumbwa, na kila mmoja hutunza funguo zake. Katika matumizi halisi kila wakala hukaa kwenye seva au simu ya mwenyewe. Katika kujifunza, wote wanaweza kuendeshwa kwenye kompyuta moja, kila mmoja ndani ya kontena yake, pamoja na leja ndogo ya majaribio. Zoezi lenyewe ni la saa chache, lakini linagusa swali zito kwa maeneo ya chai ya Kenya kama Kericho na Bomet: ushahidi wa kazi ya mkulima na ya mchunaji chai uko mikononi mwa nani?

Rekodi na mwenye rekodi

Chai ya Kericho na Bomet hutoka katika mikondo miwili. Wa kwanza ni wa mashamba makubwa, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920 na kampuni kama Brooke Bond. Wa pili ni wa familia zenye mashamba madogo, ambazo majani yao huenda katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la chai la KTDA: Litein, Kapkatet, Momul na Toror upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga, Kapset na Mogogosiek upande wa Bomet. KTDA iliundwa mwaka 1964 ikiwa mamlaka ya serikali, na mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia kampuni za viwanda.

Mkulima mdogo huchuna majani mawili na chipukizi, huyafikisha katika kituo cha kununulia, karani huyapima, na kilo huandikwa chini ya namba ya mkulima huyo. Malipo ya kwanza huja kila mwezi, na bonasi hufuata baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Mizani ya kielektroniki imepunguza makosa ya kuandika kwa mkono, ila jambo moja limebaki vilevile: rekodi huandikwa na mnunuzi na hukaa kwa mnunuzi. Mkulima akiomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, chama kina njia mbili: kuuliza kiwanda au kuamini karatasi. Njia ya kwanza humzungusha mkulima kati ya ofisi mbili, na ya pili huacha nafasi ya kughushi. Karatasi za kughushi si tatizo la chai peke yake. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua vyeti vya masomo vya kughushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma.

Historia ya Kenya inaonya pia kwamba kubeba hati si sawa na kuitawala. Kipande, hati ya utambulisho ya enzi za ukoloni iliyotokana na sheria ya usajili ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilibebwa na mfanyakazi mwenyewe, mara nyingi katika kasha la chuma lililoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, alama za vidole, waajiri aliopitia na mshahara wake. Mwajiri ndiye aliyeandika na kutia saini, na polisi au mwajiri mwingine alipokidai, mfanyakazi hakuweza kuonyesha sehemu moja na kusitiri nyingine. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kikaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo mfumo wowote wa vyeti unaosemekana kumrudishia mtu utambulisho wake unafaa kupimwa kwa swali moja: je, aliyeshika cheti anaamua kinachoonekana na anayekiona?

Sehemu za mfumo

Utambulisho uliogatuliwa una nguzo nne. Ya kwanza ni kitambulishi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaohusishwa na jozi ya funguo: ufunguo wa siri unaobaki kwa mwenyewe na ufunguo wa hadhara ambao wengine huutumia kuhakiki saini yake. Mtu hujitengenezea kitambulishi bila kuomba ofisi yoyote. Shirika la viwango la W3C lilipitisha muundo wake Julai 2022.

Nguzo ya pili ni cheti chenyewe: orodha ya taarifa iliyotiwa saini ya kidijitali na mtoaji. Kiwango cha kwanza cha W3C kuhusu vyeti vya aina hii kilitoka Novemba 2019, na toleo la 2.0 Mei 2025. Ya tatu ni leja, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta kadhaa zinazokubaliana kuhusu kila kinachoandikwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Katika mfumo uliopangwa vizuri, jina la mkulima na kilo zake haziingii kwenye leja hata kidogo. Kinachoandikwa humo ni kitambulishi cha mtoaji, ufunguo wake wa hadhara, muundo wa cheti na kumbukumbu za kubatilisha vyeti. Taarifa za mtu hubaki katika pochi yake ya kidijitali, yaani hifadhi ya vyeti na funguo zake.

Nguzo ya nne ni wakala, anayeunganisha hizo nyingine tatu. Hutunza pochi, hutuma na kupokea ujumbe, husoma leja na hutekeleza maagizo ya programu iliyo juu yake. Programu huria zinazotumiwa sana katika mafunzo zimetokana na mradi wa Hyperledger chini ya Linux Foundation: Indy kwa upande wa leja, ulioingia humo mwaka 2017, na Aries kwa upande wa mawakala, uliotangazwa mwaka 2019. Wakala anayejulikana zaidi, ACA-Py, aliandikwa kwa lugha ya Python kwa msukumo wa serikali ya jimbo la British Columbia nchini Kanada. Siku hizi yuko chini ya OpenWallet Foundation.

Kazi ya kontena

Kontena ni njia ya kuendesha programu ikiwa imefungashwa pamoja na kila inachohitaji: maktaba zake, mipangilio yake na toleo lake la lugha ya kuprogramu. Docker, chombo kilichoeneza njia hii, kilitolewa hadharani mwaka 2013. Kontena kadhaa kwenye kompyuta moja ni kama wapangaji wa nyumba moja: paa ni la wote, lakini kila mmoja ana mlango na kufuli lake.

Faida ya kwanza ni kuepuka usumbufu wa kusakinisha. Mawakala hutegemea maktaba za kriptografia ambazo toleo moja lisipooana na jingine, kazi nzima husimama. Kontena huleta matoleo yaliyokwisha kuoanishwa. Faida ya pili ni kwamba zoezi hurudiwa bila tofauti: kinachofanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Kabianga kitafanya kazi vilevile kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyeko Bomet. Faida ya tatu ndiyo kubwa. Kontena huzitenga pande. Wakala wa mkulima hawezi kuchungulia pochi ya wakala wa kiwanda. Lazima amtumie ujumbe, asubiri jibu, na apate kile tu alichopewa. Mgawanyo wa madaraka, ambao katika maelezo ya mdomo hubaki dhana, huonekana waziwazi kwenye madirisha mawili yaliyo kando kwa kando.

Mwenendo wa zoezi

Zoezi huanza na leja. Mradi wa majaribio uitwao von-network huanzisha mtandao mdogo wa Indy wenye vituo vinne, kila kimoja ndani ya kontena yake. Idadi hiyo ina sababu. Makubaliano ya aina hii huhitaji vituo vitatu kwa kila kimoja kinachoweza kuharibika au kudanganya, na kimoja zaidi. Kwa hiyo vinne ndiyo idadi ndogo inayovumilia hitilafu moja. Amri ya `./manage build` hutengeneza kontena, na `./manage start` huziwasha. Baada ya muda mfupi ukurasa wa leja huonekana kwenye kivinjari kupitia mlango (port) namba 9000, na kila muamala unaoandikwa unaweza kusomwa hapo.

Kisha huja mawakala wa mfano wanaokuja pamoja na ACA-Py. Mfano huo una wahusika watatu: Faber, chuo kinachotoa cheti cha shahada, Alice, mhitimu, na Acme, kampuni inayoajiri. `./run_demo faber` huendeshwa katika dirisha moja na `./run_demo alice` katika lingine. Faber anapoamka hujiandikisha kwenye leja, huchapisha muundo wa cheti, kisha huonyesha mwaliko: maandishi marefu yenye anwani na ufunguo wake. Mwaliko hunakiliwa na kubandikwa katika dirisha la Alice, na mawakala wawili huunganishwa. Alice haandikwi popote kwenye leja. Kitambulishi anachotumia kwa Faber kimetengenezwa kwa ajili ya uhusiano huo tu, na akizungumza na Acme hutumia kingine, ili pande hizo mbili zisiweze kulinganisha kumbukumbu na kumfuatilia.

Menyu ya Faber ina chaguo la kutoa cheti na chaguo la kuomba uthibitisho. La kwanza hutuma cheti chenye jina, tarehe, shahada na tarehe ya kuzaliwa. La pili huomba jina na shahada pamoja na uthibitisho kwamba mhusika amefikisha miaka 18. Jibu linarudi likiwa la kweli bila tarehe ya kuzaliwa kutajwa. Mbinu hiyo hutokana na muundo wa vyeti uitwao AnonCreds, unaotumia hesabu za kriptografia kuthibitisha kauli bila kufichua namba iliyo nyuma yake. Anayetaka kuona zaidi hufungua ukurasa wa usimamizi wa kila wakala, mlango 8021 kwa Faber na 8031 kwa Alice, na kufuata hatua moja baada ya nyingine.

Programu ya Acme imeachwa nusu kwa makusudi ili mwanafunzi aikamilishe, na ndipo jambo kuu la mfumo mzima linapothibitika. Uhakiki unapofanywa na upande wa tatu, wakala wa Faber anaweza kuzimwa kabisa na cheti bado kikahakikiwa, kwa kuwa Acme husoma ufunguo wa mtoaji kwenye leja wala hapigi hodi kwa mtoaji.

Kutoka shahada hadi kilo za chai

Mfano huo hugeuzwa kwa urahisi kuwa wa nchi ya chai. Faber anakuwa kiwanda, Alice anakuwa mkulima, na Acme anakuwa chama cha akiba na mikopo. Muundo wa cheti hubadilishwa uwe na namba ya mkulima, jina la kiwanda, mwaka wa fedha na jumla ya kilo. Chama, badala ya kudai karatasi zote za mwaka, huomba jambo moja: je, kilo za mwaka zimefikia, tuseme, 3,000? Mkulima huona ombi, hukubali au hukataa, na akikubali chama hupata jibu pasipo kujua kama alipeleka kilo 3,100 au 9,000.

Hapa mwandishi wa programu hukutana na masharti ya kiufundi yenye uzito. Ulinganisho wa kubwa au ndogo hufanywa kwa namba nzima tu, kwa hiyo kilo zenye desimali hugeuzwa kuwa gramu, au huandikwa kilo kamili. Tarehe nazo huandikwa kama namba, mwaka ukitangulia, kisha mwezi na siku. Hitilafu ya mizani ikigunduliwa baada ya cheti kutolewa, lazima pawe na njia ya kukibatilisha. Basi mfano huongezewa seva ya kutunza mafaili ya ubatilishaji, ambayo kwa kawaida hutumia mlango 6543 na huendeshwa kama kontena nyingine.

Mchunaji wa shamba kubwa naye anaweza kuwekwa katika mfano huu. Cheti cha kazi kilichotolewa na mwajiri kingemwezesha kuthibitisha misimu aliyofanya kazi au mafunzo aliyopata ya kutumia mashine ya kuchuna, bila kutaja mshahara wake wa awali kwa mwajiri mpya. Hapo tofauti na kipande hudhihirika: mwajiri bado ndiye anayetia saini, lakini mfanyakazi huchagua mstari wa kuonyesha.

Mitego ya kawaida

Mtego wa kwanza ni anwani. Ndani ya kontena, jina localhost humaanisha kontena hiyo yenyewe na haliifikii kompyuta nzima. Wakala anayetafuta leja kwa anwani hiyo hujikuta akibisha mlango wake mwenyewe. Docker Desktop hutoa jina host.docker.internal kwa ajili hiyo, na kwenye Linux anwani ya kawaida ya kompyuta mwenyeji ni 172.17.0.1. Makosa mengi ya siku ya kwanza hutoka hapa.

Mtego wa pili ni kumbukumbu. `./manage stop` husimamisha leja na kuiacha kama ilivyo, lakini `./manage down` huifuta. Leja ikifutwa huku pochi ya wakala ikibaki, wakala hushikilia cheti ambacho muundo wake haupo tena popote, na kila uhakiki hushindwa. Dawa ni kufuta vyote pamoja au kutunza vyote pamoja katika hifadhi ya kudumu nje ya kontena.

Mtego wa tatu ni simu. Simu halisi haiwezi kuufikia mtandao uliofichwa ndani ya kompyuta, wala haina anwani isiyobadilika ya kupokelea ujumbe. Hivyo huhitajika njia ya kufungua kompyuta kwa nje, wakala mpatanishi wa kuishikia simu ujumbe wake, na leja ambayo pochi ya simu inaijua.

Gharama ya data ina ufumbuzi mwepesi. Mafaili ya kontena ni mazito kupakua, lakini yakishapakuliwa zoezi lote huendeshwa bila intaneti. Amri ya `docker save` huyaweka katika faili moja linalobebwa kwa flashi, na `docker load` huyafungua kwenye kompyuta nyingine. Darasa zima linaweza kuhudumiwa kwa upakuaji mmoja, jambo lenye maana kubwa pale mtandao unapoyumba.

Yale ambayo mfano hauonyeshi

Urahisi wa zoezi unaweza kupotosha. Vituo vinne vya leja ya majaribio viko kwenye kompyuta moja ya mtu mmoja, ambaye anaweza kuvifuta vyote kwa amri moja. Maana ya kugatua hutimia pale tu vituo vinapoendeshwa na pande tofauti zisizo na sababu ya kushirikiana kudanganya. Katika chai, pande hizo zingeweza kuwa kampuni za viwanda, vyama vya akiba, vyuo na serikali za kaunti. Kuendesha vituo kwa miaka kuna gharama. Shirika la Sovrin, lililokuwa mfano mashuhuri wa leja ya Indy, lilitangaza kwamba mtandao wake mkuu ungefungwa mwaka 2025.

Funguo ni pengo la pili. Mfano hutumia mbegu za siri, yaani maandishi ya kutengenezea funguo, ambazo kila mtu anaweza kuzisoma au kuzikisia kutoka katika programu, na mawakala wake hukubali maombi bila kumuuliza mtu. Katika maisha halisi simu hupotea, hulowa mvua na huazimwa na watoto. Pochi isiyo na nakala ikipotea, vyeti vyake hupotea nayo, na lazima mtoaji awe tayari kuvitoa upya baada ya kumtambua mwenyewe ana kwa ana.

Pengo la tatu ni wasio na simu za kisasa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishiriki katika jaribio la DIGID mwaka 2021, lililowapa watu wasio na vitambulisho rasmi utambulisho wa kidijitali ili wapokee msaada wa fedha. Kwa mahitaji ya namna hiyo, pochi ya simu haitoshi peke yake. Mkulima mzee mwenye simu ya vibonyezo anahitaji kadi yenye msimbo wa kusomwa kwa kamera au wakala anayetunzwa na mwingine kwa niaba yake, na kila njia humrudisha kwa kiasi fulani chini ya uangalizi wa mwingine.

La nne ni ukweli wa taarifa yenyewe. Saini huthibitisha kwamba kiwanda kilisema kilo 3,100. Haithibitishi kwamba mizani ilikuwa sawa. Karani akipunguza kilo kituoni, kriptografia itahifadhi upungufu huo kwa uaminifu kamili. Ukaguzi wa mizani na haki ya mkulima kupinga kipimo hubaki kazi ya watu.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na inadai tathmini ya athari kabla ya shughuli yenye hatari kubwa kwa haki za watu. Uzito wa sharti hilo ulionekana Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikiuka sheria kwa kukosa tathmini hiyo. Mfumo wa vyeti vya chai usioandika taarifa za mtu kwenye leja uko mahali pazuri zaidi kisheria, lakini tathmini bado ni lazima ifanywe.

Hatua zinazofuata

Mpito kutoka kompyuta moja kwenda kwenye matumizi halisi una ngazi zake. Kwanza mawakala wa kiwanda, mkulima na chama huwekwa kwenye kompyuta tatu tofauti katika maabara moja, ili anwani na mitandao ijaribiwe. Kisha leja ya kompyuta moja huachwa, na mawakala huunganishwa na leja ya pamoja ya majaribio. Baadaye pochi za simu huingizwa, zikiwa na taarifa za kubuni tu. Ngazi ya nne ni jaribio dogo la kituo kimoja cha kununulia majani, kwa ridhaa ya maandishi ya wakulima na tathmini iliyokamilika. Kabla ya ngazi hiyo lazima iamuliwe nani ataendesha vituo vya leja, nani atalipia, cheti kitabatilishwa kwa utaratibu gani, na mkulima aliyepoteza simu atapewa cheti kipya na nani. Maamuzi hayo ni ya mikutano ya wakulima, bodi za viwanda na vyama vyao vya akiba, na yanapaswa kufanywa mapema, wakati kubadilisha mfumo bado ni kufuta kontena na kuanza tena.